Habari Njema Tu Kutoka El Garas

Habari zote zilizofika kutoka El Garas zilikuwa njema. Maji yapo. Pampu inafanya kazi. Foleni si ndefu, leteni mifugo. Ilwad alizisikiliza katika chumba chake cha kazi mjini Garissa, juu ya duka la vifaa vya simu, na kila aliposikia sauti ya mjomba wake Abdow, msimamizi wa kisima cha huko, aliridhika kwamba programu aliyoitengeneza ilikuwa inatimiza wajibu wake.

Programu hiyo iliitwa Warran, neno ambalo kwa Kisomali ni sawa na kusema, "Hebu toa habari." Ilikuwa na kazi moja. Mtu anayesimamia kisima huko malishoni hubonyeza kitufe, husema hali ya maji kwa sauti yake, kisha hubonyeza tena na kurudisha simu mfukoni. Simu huihifadhi habari hiyo hadi mwenyewe atakapopita mahali penye mtandao, hapo huituma bila kuombwa. Mfugaji aliye mbali naye huipokea kwa njia hiyo hiyo, siku atakapopita karibu na mnara. Kupigiana simu kulihitaji watu wawili wawe kwenye mtandao kwa wakati mmoja, na katika nchi iliyo kati ya Buna na Takaba bahati hiyo ilikuwa nadra.

Toleo la kwanza la programu lilikuwa na vitufe viwili tu, cha maji yapo na cha maji hayapo. Watu walibonyeza kile cha kwanza hata pampu ilipokuwa imekufa, kwa maelezo kwamba ndoo mbili tatu bado zingeweza kuvutwa kwa kamba. Ndipo Ilwad alipoamua kwamba wasimamizi waachiwe waseme wenyewe.

Asubuhi moja ya Jumatatu, mama yake mdogo, Weris, alimpigia simu kutoka upande wa Takaba. Weris alikuwa na ngamia, na alihama nao pamoja na wanawe. Alianza kwa kuuliza afya ya Ilwad. Akauliza magoti ya mama yake Ilwad. Akauliza joto la Garissa, mto Tana kama umeshuka, na jirani yao aliyekuwa akiugua kama amepata nafuu. Ilwad alijibu kila swali huku vidole vyake vikiendelea kuandika.

"Sasa, habaryar," alisema Weris hatimaye. Wasomali humwita hivyo ndugu wa kike wa mama, naye humrudishia mtoto jina lile lile. "Simu yako ilisema El Garas kuna maji."

"Ndiyo, habaryar. Abti Abdow alituma habari."

"Tulifika. Pampu ilikuwa imekufa."

Vidole vya Ilwad vilisimama.

"Abdow aliniapia kwamba alikutumia habari siku ile ile ilipokufa," aliendelea Weris. "Kaka yangu hasemi uongo. Ngamia walinusa mabirika makavu, wakageuka kunitazama. Mimi ndiye niliyetazamwa, si wewe. Tulipokuwa tukirudi, Adey alilala njiani. Hakuamka tena."

Ilwad alimjua Adey, ngamia jike mweupe ambaye maziwa yake yalinywewa na nyumba nzima.

"Pole, habaryar. Sikupata habari hiyo. Nilipata tu kwamba maji yapo."

"Basi sikiliza. Bwawa letu hapa limebaki tope. Nasikia fundi ameshaitengeneza ile pampu. Ama nirudi El Garas, ama nigeuke upande wa Elwak. Njia hizo hazikutani katikati, na wanangu wote wako na mifugo, sina wa kumtuma akatazame. Ijumaa baada ya swala tunapakia mizigo. Kama nitakuwa nimesikia sauti ya Abdow kwenye simu hii, nitafuata atakachosema. Kama sitasikia kitu, nitaelekea El Garas kwa kumtegemea Mungu, na hiki kitu chako nitakifuta."

Simu ilikatika kabla Ilwad hajajibu.

Hamse, mwenzake katika kazi hiyo, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akila mkate. Alizaliwa na kukulia Garissa, na kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu za Ilwad mpaka zivunjike. Alichukua simu ya majaribio, akabonyeza kitufe.

"Kisima sawa. Maji iko," alisema, akabonyeza tena. Mara moja kompyuta ilionyesha kwamba ujumbe umefika. "Unaona? Iko poa."

"Umeijaribu hivyo tangu mwaka jana."

"Na tangu mwaka jana iko poa."

Ilwad alifungua taarifa za hitilafu zilizokuwa zimetumwa na simu ya mjomba wake kila ilipopata mtandao. Hakuwa amezisoma kwa makini, kwa sababu ujumbe ulikuwa unafika. Sasa alizisoma. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja, imerudiwa mara nyingi: programu imefungwa na mfumo wa simu kwa upungufu wa kumbukumbu.

Ni vizuri kueleza hapa jambo hilo lina maana gani. Simu ina hifadhi, ambamo picha na sauti hukaa hata ikizimwa, na ina kumbukumbu ya kazi, ambayo ni nafasi ndogo inayotumiwa na programu zinazoendelea. Nafasi hiyo haizitoshi zote. Ikijaa, mfumo wa simu huchagua ya kuitoa, na huanza na programu ambazo mwenye simu hazitazami kwa wakati huo. Programu inayofanya kazi nyuma, skrini ikiwa imezimika, ni kama mgeni aliyelala ukumbini: nyumba ikijaa, yeye ndiye wa kwanza kuamshwa na kuonyeshwa mlango. Hapewi nafasi ya kukusanya vitu vyake.

"Simu ya mzee ni ndogo," alisema Hamse. "Tumpelekee kubwa."

"Na wasimamizi wengine wote?"

Hamse alirudi kwenye mkate wake.

Kulikuwa na dawa moja inayojulikana na kila mtengenezaji wa programu. Huduma inayofanya kazi nyuma inaweza kuomba isihesabiwe miongoni mwa waliolala, mradi tu ionyeshe arifa ya kudumu juu ya skrini, ili mwenye simu ajue kwamba kuna kitu kinaendelea. Ilwad aliiongeza huduma hiyo jioni ile. Katika arifa aliandika maneno mawili: Warran inasikiliza. Hata hivyo hakuwa na uhakika kwamba amegusa kiini cha tatizo. Rekodi ya Hamse ilifika. Rekodi nyingi za Abdow zilifika. Ila ile moja iliyokuwa na maana haikufika, na programu haina akili ya kuchagua habari.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Nataka kumwona akiitumia."

Walichukua basi hadi Wajir, na kutoka Wajir gari la mzigo hadi Buna. Huko walikodi gari dogo lililowafikisha El Garas Jumatano mchana.

Mahali penyewe palikuwa na kibanda cha mabati chenye jenereta, tangi lililoinuliwa juu ya vyuma, na mabirika marefu ya saruji, na kando yake jiwe kubwa. Jenereta ilikuwa inanguruma na ngamia wa watu walikuwa wanakunywa. Abdow alitoka kibandani akijifuta mafuta mikononi kwa kitambaa. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na aliwasalimia wageni wake kwa utaratibu uliochukua muda wote ambao chai ilihitaji kuchemka. Baada ya chai ndipo Ilwad alipoeleza shida yake.

"Niliituma, abti," alisema Abdow, akimwita mpwa wake kwa jina ambalo mpwa alimwita yeye. "Nilisimama pale penye jiwe. Nilimwambia Weris kila kitu."

"Nakuamini, abti. Nionyeshe tu ulivyofanya. Sema tena kama ulivyosema siku ile."

"Niseme nini?"

"Kwamba pampu imekufa."

Abdow aligeuka akalitazama banda lililokuwa linanguruma, kisha akamtazama Ilwad kana kwamba ameombwa kufanya jambo la aibu.

"Imekufaje na huyo anakoroma? Unataka niite balaa kwa jina lake?"

"Ni majaribio tu, mzee," alisema Hamse. "Ni ya mchezo."

"Sauti yangu itakwenda kwa mchezo au itakwenda kweli?"

Hamse alimgeukia Ilwad.

"Basi nitasema ukweli wa leo." Abdow alibonyeza kitufe. "Nabad," alisema, yaani amani. "Maji yapo. Njooni." Akabonyeza tena. Alama ya kijani ilionekana, maana yake ujumbe umehifadhiwa na unangojea mtandao.

Alirudia kila walipomwomba. Alirudia akiwa juani na akiwa kivulini, skrini ikiwa imewaka na ikiwa imezimika. Nabad, maji yapo, njooni. Kila mara alama ya kijani ilitokea. Hamse alianza kutabasamu, lakini si Ilwad. Kwake hakuna hitilafu mbaya kuliko ile inayokaa kimya mbele ya fundi.

Alasiri jenereta ilikohoa. Ilikohoa tena, ikatoa moshi mzito mlangoni, ikazima. Maji katika bomba la kujazia yalipungua hadi uzi mwembamba, kisha yakakatika. Abdow aliingia kibandani, akasikika akigongagonga vyuma, akatoka akitikisa kichwa.

"Ni kifaa kile kile alichofunga fundi," alisema. "Kimepasuka tena. Lazima niende Buna nikamtafute." Alisimama kidogo akiyatazama mabirika. "Weris."

Alitoa simu yake, akatembea hadi penye jiwe, akasimama kama mtu anayemkabili mwenzake. Ilwad alimfuata na kusimama nyuma yake. Hakuwa bado ameiweka programu mpya katika simu hiyo. Iliyokuwamo ni ile ile ya zamani.

Abdow alibonyeza kitufe.

"Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh," alianza. "Weris, walaal, ma nabad baa?"

Akanyamaza. Alikuwa amemwita ndugu na kumuuliza kama ni amani, sasa alingoja, kichwa kimeinama kidogo, muda unaotosha dada kujibu kwamba ni amani. Kisha akaendelea.

"Watoto wazima? Yule mkubwa, mguu wake umepona?" Akanyamaza. "Alhamdulillahi. Na mdogo wake, bado ana kikohozi?" Akanyamaza tena. "Ngamia wako vipi? Yule wa mizigo aliyechubuka mgongo, mlimpaka dawa? Vizuri. Huko upande wenu mmeona wingu lolote? Inshallah litakuja. Wazee wa jirani nao wazima? Yule mama aliyefiwa, mmekwenda kumpa pole?"

Hamse alikuwa amesogea karibu. Alimtazama Ilwad, akafungua kinywa, Ilwad akamwashiria anyamaze. Skrini ya simu ilififia, kisha ikazimika, kwa sababu hakuna kidole kilichoigusa. Abdow hakujali. Alimpa dada yake pole kwa ajili ya Adey, akataja jinsi ngamia yule alivyokuwa mpole kwa watoto, akamwombea kheri. Sauti yake ilishuka.

"Sasa, walaal, kuhusu haya maji..."

Alieleza kila kitu vizuri: kwamba pampu ilikuwa imetengenezwa, kwamba imekufa tena leo, kwamba asije, ageukie Elwak. Alimaliza kwa dua. Kisha akaiwasha skrini ili abonyeze kitufe, na kitufe hakikuwapo. Programu haikuwapo. Palikuwa na picha ya msikiti aliyoiweka mwenyewe, na saa.

"Imekwenda," alisema Abdow kwa kuridhika, akairudisha simu mfukoni.

Ilwad alimsogelea.

"Abti. Huwa inakwenda hivyo?"

"Ikiwa habari ni nzito, ndiyo. Namaliza kusema, naikuta imeshaondoka nayo. Hizi nyepesi ndizo zinazobaki pale na alama yake ya kijani, zinanichelewesha."

Hamse aliketi chini mchangani na kushika kichwa kwa mikono miwili.

"Na kwa nini," aliuliza Ilwad taratibu, "habari njema unaisema kwa maneno machache, na mbaya unaianza mbali hivyo?"

"Mwenye habari njema anaweza kuipiga kelele akiwa bado barabarani. Kila mtu anafurahi. Lakini nikimfikia mtu na habari mbaya kabla ya kumuuliza watoto wake, si nimempiga? Lazima aketi kwanza. Wewe ni mtoto wa nani hata uulize?"

Ilwad alikumbuka simu ya Jumatatu. Magoti ya mama, joto, mto Tana, jirani mgonjwa. Na yeye akiandika.

Sasa kila kitu kilikuwa wazi, na kosa lilikuwa lake. Alikuwa ameiandika programu ishike sauti yote katika kumbukumbu ya kazi mpaka msemaji atakapomaliza, ndipo iiweke katika hifadhi kwa mara moja. Kwa ujumbe wa Hamse hilo halikuwa tatizo. Kwa salamu za Abdow, sauti ilijaa na kujaa. Skrini ilizimika, programu ikahesabiwa miongoni mwa waliolala. Na mfumo ulipotafuta wa kumtoa ulimkuta mgeni huyu ndiye mnene kuliko wote, ukamtoa pamoja na kila alichokuwa amekishika. Wasimamizi wote wa visima walikuwa watu wazima waliolelewa vizuri. Programu yake ilikuwa inapitisha habari njema na kuzitupa zile mbaya, kwa sababu tu watu hao walikuwa na adabu.

"Tuweke kikomo," alisema Hamse kutoka mchangani. "Nusu dakika, halafu inalia. Watajifunza kuanza na maji."

"Inalia wapi?" aliuliza Abdow. "Katikati ya kumpa mtu pole?"

"Mzee, hii ni mashine. Haina haja ya kusalimiwa."

"Mimi siisalimii mashine. Namsalimia dada yangu. Wewe kijana wa Garissa, kwenu mtu akifa mnatumiana namba tu?"

Hamse alicheka bila kupenda. "Kwetu tunatumia emoji, mzee."

"Hiyo emoji ndiyo nini?"

"Ni uso wa njano unaolia."

Abdow alimgeukia Ilwad ili ahakikishe kwamba hatukanwi. Ilwad alikuwa tayari ameketi kwenye kivuli cha tangi, kompyuta mapajani, waya wa umeme ukitoka kwenye betri ya gari.

"Hakutakuwa na kikomo," alisema.

Kazi haikuwa ngumu baada ya kujulikana. Aliibadilisha programu ili kila kipande kifupi cha sauti kiandikwe katika hifadhi mara kinaposemwa, na nafasi kilichokuwa kimeichukua katika kumbukumbu iachwe wazi kwa kipande kinachofuata. Hata programu ikitolewa katikati, kilichokwisha kusemwa kingekuwa mahali salama, na ikirudi ingeendelea kukituma. Abdow aliuliza anafanya nini, naye akamweleza kwa mfano.

"Unapokama, abti, bakuli huliweka gotini. Likijaa unafanya nini?"

"Namimina kwenye chombo kikubwa, naendelea."

"Mimi nilikuwa nataka kumkama ngamia mzima katika bakuli moja."

"Lingemwagika."

"Limemwagika, abti."

Aliiweka programu mpya katika simu ya mjomba wake, pamoja na ile huduma isiyolala. Arifa ilionekana juu ya skrini. Abdow aliisogeza simu mbali na macho ili aisome.

"Warran inasikiliza," alisoma. Uso wake ukabadilika. "Nani huyu anayesikiliza?"

"Ni programu tu, abti. Inasikiliza unaporekodi."

"Mimi nimeishi karibu na mpaka maisha yangu yote. Kitu kikiniambia kinanisikiliza, mimi nanyamaza. Na Weris akiliona neno hili kwenye simu yake ataitupa kisimani. Utakuwa umetuharibia na kisima."

"Ni lazima pawe na neno pale," alisema Hamse. "Bila arifa mfumo unaiua."

"Basi liwe neno la heshima."

Ilwad alifikiri. Alifuta neno moja, akaandika lingine, akaunganisha waya tena. Abdow alisoma: Habari inapakiwa. Ni neno ambalo watu wa kompyuta hulitumia kila siku bila kulitazama, nalo ndilo wafugaji hulitumia asubuhi ya kuhama, wanapomfunga ngamia mizigo.

"Hili sawa," alisema Abdow. "Kinachopakiwa kina mtu wa kukipokea. Sasa nimsalimie tena?"

"Salamu ya kwanza haikufika, abti."

Alirudi penye jiwe na kuanza upya. Hakupunguza chochote, aliongeza swali kuhusu mbuzi. Safari hii simu ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ya Ilwad kwa waya mrefu, na Hamse alimfuata mzee nyuma akiushika waya usikanyagwe. Ilwad hakumtazama mjomba wake. Alitazama mstari unaoonyesha kumbukumbu inayotumiwa. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Skrini ya simu ilizimika na mstari haukubadilika. Abdow alitoa pole kwa ajili ya Adey. Mstari haukubadilika. Alifika kwenye maji, akafika kwenye dua, akabonyeza kitufe, na alama ya kijani ikatokea.

"Hii nayo imebaki," alisema kwa mashaka.

"Ndivyo inavyotakiwa, abti. Ikibaki ndipo itakwenda."

Waliondoka pamoja kwenda Buna. Karibu na mji simu ilipata mtandao na Ilwad akaona vipande vikiondoka kimoja kimoja hadi vikaisha. Huko vilikokwenda, vingengoja siku ambayo simu ya Weris ingepita karibu na mnara. Ilwad hakuwa na uwezo wa kuiharakisha siku hiyo. Alhamisi alituma programu mpya kwa wasimamizi wengine wote. Abdow alimpata fundi na kumsema vikali juu ya kile kilichopasuka. Alasiri Ilwad alijaribu kumpigia Weris, na sauti ya kampuni ya simu ikamwambia kwamba hapatikani.

Ijumaa Abdow na Hamse walikwenda msikitini. Waliporudi walimkuta Ilwad katika mkahawa, ameiweka simu ya mjomba wake mezani, skrini ikiwa juu. Saa ya kupakia ilikuwa imefika. Waliletewa wali na nyama ya mbuzi, Ilwad hakula.

Jumamosi asubuhi, wakiwa katika mkahawa ule ule, simu ililia. Ilikuwa rekodi kutoka kwa Weris. Ilwad aliibonyeza kabla Abdow hajaweka kikombe chini.

"Aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," ilisema sauti ya Weris. Nyuma yake kulisikika kengele ya mbao ya ngamia. "Ni nabad, walaal. Watoto wazima. Mguu wa mkubwa umepona, anatembea. Mdogo bado anakohoa usiku, lakini si kama zamani..."

Hamse alinyoosha kidole kuisogeza mbele. Abdow akaushika mkono wake.

"Acha. Anajibu."

"Mzee, tunataka kujua ameenda wapi!"

"Nilimuuliza mtoto wake. Sasa ananiambia mtoto wake. Wewe utamrukaje mtoto?"

"...mgongo wa yule wa mizigo tuliupaka, umekauka. Wingu hatujaliona..."

Ilwad alisikia jinsi kila jibu lilivyolingana na kimya ambacho Abdow alikuwa amekiacha penye jiwe. Hakuna kilichopotea katikati. Lakini sauti iliendelea na kuendelea. Na sasa Ilwad alijua habari ndefu huwa na nini mwishoni. Hamse naye alikuwa anajua. Hakunyoosha tena kidole. Aliukunja mkono wake chini ya meza. Weris alishukuru kwa pole ya Adey. Alisema yule mama aliyefiwa amepewa mbuzi wa maziwa. Kisha akanyamaza, na kengele ikasikika peke yake.

"Sasa, walaal, kuhusu hayo maji," alisema Weris. "Tulikuwa tumeshapakia. Ngamia wa mbele alikuwa amesimama, kichwa kimeelekea kwako. Mwanangu alipanda kilimani kumtafuta ndama, simu iko mfukoni, akarudi mbio akisema mjomba anaongea. Tulikusikiliza hapo hapo, wote, tumesimama na mizigo. Salamu zako zilimaliza chaji, lakini iliisha baada ya wewe kumaliza. Tumegeuka. Tuko njia ya Elwak, na jana tulikutana na watu waliotoka huko, wakatuchajia simu, na wanasema maji yapo. Mwambie habaryar nilisema nitakifuta kitu chake. Sijakifuta. Lakini hiyo mashine sasa imejifunza kukaa chini na kusikiliza watu wazima, asije akaiharibu tena."

Kengele ilisikika kidogo, kisha rekodi ikaisha.

Hamse aliagiza chai nyingine kwa wote. Ilwad alivuta sahani ya mkate karibu naye.

Abdow alikuwa amekwisha kubonyeza kitufe. Juu ya skrini palionekana maneno ya arifa. "Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh," alianza. "Weris, walaal, ma nabad baa?" Akanyamaza, akingoja.

"Sasa hii ni habari njema au mbaya?" Hamse alimnong'oneza Ilwad.

"Njema. Anamwambia tumefurahi."

"Basi mbona ndefu?"

Abdow alisikia. Aliweka kiganja juu ya simu.

"Kwa sababu ni dada yangu," alisema, akakiondoa kiganja na kuuliza kuhusu kikohozi.

Kompyuta ya Ilwad ilikuwa ndani ya mfuko wake, karibu na miguu. Hakuifungua.